Shamba la Anathothi

Somo: Yeremia 32

Ulikuwa mwaka wa 10 wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu, maboma ya kuzingira yamekwisha kufika ukutani, na ndani ya mji njaa na tauni zilikuwa zimeanza kuua. Nabii Yeremia alikuwa mfungwa katika ua wa walinzi, ndani ya nyumba ya mfalme, kwa kosa la kusema waziwazi kwamba mji ungetekwa. Huko kifungoni ndiko alikojiwa na mtoto wa ami yake, Hanameli mwana wa Shalumu, akiwa na ombi: nunua shamba langu la Anathothi, maana haki ya kulikomboa ni yako.

Anathothi kilikuwa kijiji cha makuhani, nyumbani kwao Yeremia, kiasi cha kilomita 5 hivi kaskazini-mashariki mwa Yerusalemu. Maana yake shamba lenyewe lilikuwa tayari upande wa adui. Torati, katika Mambo ya Walawi 25, ilimpa ndugu wa karibu wajibu wa kukomboa ardhi ya ukoo isiende kwa wageni, na wakati wa amani ombi la Hanameli lingekuwa jambo la kawaida la kifamilia. Lakini huu haukuwa wakati wa amani. Wakazi wa Dar es Salaam wanazijua nyumba zilizopigwa alama ya X nyekundu, zinazosubiri kubomolewa kupisha barabara. Nani atanunua nyumba ya namna hiyo kwa fedha taslimu, tena akiwa ni yeye mwenyewe aliyekuwa akitangaza mitaani kwamba tingatinga linakuja? Yeremia alinunua.

Alilipa shekeli 17 za fedha, karibu gramu 200 kwa vipimo vyetu. Fedha ilipimwa kwenye mizani, hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi. Nakala zilikuwa mbili, moja ikafungwa kwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi. Zote akamkabidhi Baruku mwana wa Neria, karani wake, mbele ya muuzaji, mbele ya mashahidi na mbele ya Wayahudi wote waliokuwa wameketi katika ua ule, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Nawasihi tusizipite aya hizi haraka. Tunapohubiri sura hii huwa tunakimbilia ile ahadi kwamba hakuna jambo gumu mno kwa Mungu, na ukarani wote huu tunauruka. Maandiko hayakuuruka. Mara nyingi Biblia husimulia kifo cha mfalme kwa mstari mmoja, lakini hapa inataja bei, mizani, mashahidi, muhuri, nakala na mahali zilipohifadhiwa. Aliyewahi kununua kiwanja anazijua hatua hizi: kuonana na mwenyekiti wa mtaa, kutafuta mashahidi wa pande zote mbili, kuhesabu fedha mezani, kutia sahihi kila ukurasa, kutoa nakala na kwenda kuzificha kabatini. Hakuna aliyenena kwa lugha wakati hati ile inaandikwa. Hakuna moto ulioshuka. Ilikuwa shughuli ya kawaida ya ardhi, ikifanywa kwa utaratibu wake wote, katikati ya vita.

Na humo ndimo imani ya Yeremia ilimokuwa. Aliamini kwamba Mungu angetimiza ahadi yake ya kuwarudisha watu katika nchi ile, kwa hiyo alinunua shamba kama mtu anayejua kwamba siku moja kutakuwa na haja ya kuonyesha hati. Asingeamini, angeweza kumwondoa Hanameli kwa maneno mazuri. Angekuwa na imani ya mdomoni tu, angelipa kiholela bila shahidi, maana karatasi ya nini mahali ambapo kila kitu kitachomwa moto? Kumtumaini Mungu kulimfanya awe mwangalifu zaidi katika jambo la dunia hii.

Lipo jambo dogo katika aya ya 8 ambalo limenifariji mara nyingi. Mungu alikuwa amemwambia mapema kwamba Hanameli angekuja. Hata hivyo, Yeremia anakiri kwamba ni baada ya Hanameli kufika na kusema maneno yaleyale ndipo alipojua hakika kuwa lile lilikuwa neno la Bwana. Huyu ni nabii, mtu aliyekwisha kutumika miaka 40 hivi tangu siku za mfalme Yosia. Naye alihitaji kuona jambo likitokea ndipo apate uhakika. Wewe unayejiuliza kama kweli ni Mungu aliyekusemesha juu ya ndoa hiyo, kazi hiyo, safari hiyo, usijione mchanga wa imani kwa sababu hujawa na uhakika wote. Tembea na neno ulilopewa huku macho yako yakiwa wazi.

Kisha angalia mpangilio wa sura. Yeremia anatii kwanza, anauliza baadaye. Mbele ya mashahidi hakutetereka. Ila alipokwisha kumkabidhi Baruku zile hati, alimgeukia Mungu na moyo wake ukafunguka. Sala yake, kuanzia aya ya 16, inaanzia mbali: uumbaji wa mbingu na nchi, ishara za Misri, mkono ulionyoshwa, nchi ijaayo maziwa na asali. Kidogokidogo inakaribia mahali panapomuuma. Mwisho anaweka mambo mawili mbele ya Mungu kama mtu anayeweka vitu viwili visivyolingana juu ya meza moja: maboma ya adui haya hapa, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli, nawe umeniambia ninunue shamba. Anaishia hapo, bila hata kumalizia na swali.

Ninalisema hili kwa sababu wako Wakristo wengi waliofundishwa kwamba kumuuliza Mungu ni kukosa imani. Wanakuja ibadani wamebeba mtoto mgonjwa au barua ya kuachishwa kazi, na wanadhani wanalazimika kutabasamu. Yeremia hakuomba hivyo. Katika sura ya 15 alifika mahali pa kumwambia Mungu kwamba amekuwa kwake kama kijito cha kudanganya, ambacho maji yake hukauka. Mungu alimkemea, ndiyo, lakini alimrudisha kazini na kumwahidi kuwa pamoja naye. Kulia mbele za Mungu ni kazi ya watu wanaomwamini, kwa sababu asiyemtarajia hana la kumlalamikia.

Jibu la Mungu linakuja, na linaanza kwa kumrudishia nabii maneno yake mwenyewe juu ya Mungu asiyeshindwa na jambo. Tungetazamia kwamba baada ya hapo itafuata habari ya jeshi kuondoka. Haifuati. Mungu anasema mji utatiwa mikononi mwa Nebukadreza, mfalme wa Babeli, na utachomwa moto, na anaeleza sababu: uvumba waliomfukizia Baali juu ya madari, watoto waliotolewa kwa Moleki katika bonde la mwana wa Hinomu. Baada ya kuyasema hayo yote ndipo anapoanza kuzungumza juu ya kuwakusanya watu kutoka nchi zote alikowafukuzia, na kuwapa moyo mmoja na njia moja. Halafu anamalizia na nini? Na biashara ya mashamba. Watu watanunua mashamba kwa fedha, wataandika hati, wataita mashahidi, katika nchi ya Benyamini, kandokando ya Yerusalemu, milimani, nchi tambarare na upande wa Negebu. Mungu wa mbingu anaahidi kwamba siku itakuja ambapo watu watafanya tena shughuli zao za kawaida bila hofu.

Hapa pana jambo zito kwa kanisa letu la leo. Wengi wetu tunauelewa uaminifu wa Mungu kuwa ni ulinzi dhidi ya hasara. Mambo yakienda vizuri tunasema Mungu ni mwaminifu. Yakiharibika tunanyamaza, au tunamtafuta aliyetuloga. Lakini Mungu wa Yeremia alikuwa mwaminifu katika yote mawili. Aliahidi hukumu kwa watu wasiotubu, ikaja. Aliahidi kurudi, kukaja. Kipimo cha uaminifu wake kilikuwa neno alilolitoa, wala hakikuwa matarajio ya watu wa Yerusalemu, ambao walitaka tu vita vipite wasibadilike.

Miaka kadhaa kabla ya mji kuzingirwa, nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 nira ya Babeli ingevunjwa na vyombo vya hekalu vingerudi. Habari hiyo imo katika sura ya 28. Yeremia akajibu Amina, Bwana na afanye hivyo. Naamini Amina ile ilitoka moyoni, maana nani asiyependa vita viishe? Lakini Mungu hakuwa amemtuma Hanania. Mungu alikuwa amesema miaka 70.

Akina Hanania hawajaisha. Wako wanaowaambia watu kwamba kufikia mwisho wa mwezi watakuwa na nyumba, kwamba baada ya maombi ya siku kadhaa mume atapatikana, kwamba wakitoa sadaka ya kiasi fulani deni litafutika. Watu hukopa ili watoe. Tarehe inafika, inapita, na mhubiri anamwambia mama yule kwamba tatizo ni imani yake. Nimekaa na watu wa namna hiyo sebuleni kwao. Wengine hawajarudi kanisani hadi leo, si kwa sababu Mungu aliwaangusha, ila kwa sababu mtu alimsingizia Mungu ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Kumpangia Mungu tarehe na kuiita imani ni dhambi dhidi ya jina lake na dhidi ya wadogo wake. Wachungaji wenzangu, tuiogope dhambi hiyo.

Tena kuna aya inayopendwa kuliko nyingine zote katika kitabu hiki, Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho. Imo kwenye kalenda, kwenye vioo vya daladala, kwenye kanga na kwenye simu zetu kila Januari. Ni neno la kweli na nisingependa mtu aliondoe ukutani kwake. Ninachoomba ni kwamba tulisome pamoja na aya iliyo kabla yake, inayosema habari ya miaka 70. Ile ilikuwa barua kwa watu waliokwisha kupelekwa uhamishoni Babeli. Waliambiwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee mji uliowateka. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye hatarudi. Watarudi wajukuu. Je, Mungu alimkosea mtu huyo? Hapana. Alimwambia ukweli, akampa kazi ya kufanya huko aliko, bustani ya kulima, watoto wa kulea, na alimwahidi kwamba akimtafuta kwa moyo wote hata huko Babeli atamwona. Maisha yake hayakuwa chumba cha kusubiria.

Nikifikiria siku zetu za kila siku, nafsi yangu huenda mara kwa mara kwenye sura ya 37, aya ya 21. Mfalme Sedekia alikuwa mtu dhaifu, aliyewaogopa maofisa wake, na hakuwahi kuwa na ujasiri wa kulitii neno alilokuwa akimwuliza nabii kwa siri. Lakini aliagiza Yeremia apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mikate yote ya mji ilipokwisha. Mkate mmoja. Huyu ndiye aliyekuwa na ahadi kuhusu mataifa na vizazi vijavyo, naye akaishi kwa mkate mmoja wa siku, tena ukitoka mkononi mwa mfalme asiyeweza kutegemewa.

Wengi wetu tunaishi hapo. Tuna ahadi kubwa za Mungu moyoni na mkate mmoja mezani. Mama anayekaanga vitumbua alfajiri anapata faida ya kununulia unga wa kesho na nauli ya mtoto, basi. Mwaka mzima unakwenda hivyo. Akiulizwa Mungu amemtendea nini, huenda akaona haya kusimama kutoa ushuhuda, kwa sababu shuhuda tunazozipigia makofi ni za magari na safari za nje. Ningependa siku moja asimame, aseme kwamba tangu Januari watoto wake hawajalala na njaa, na kanisa lote lisimame kumshukuru Mungu pamoja naye. Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kuomba, aliwafundisha kuomba riziki ya siku ile.

Lakini nisifiche alichoandika nabii: mikate ya mji iliisha. Ilifika siku ambayo mtaa wa waokaji haukuwa na kitu. Ukuta ukabomolewa katika mwaka wa 11 wa Sedekia, hekalu likachomwa. Kitabu cha Maombolezo, ambacho mapokeo yanakihusisha na Yeremia, kimejaa kilio cha siku hizo, watoto wakiomba mkate pasipo mtu wa kuwamegea. Na ni humo, katika sura ya 3, katikati kabisa ya kitabu cha vilio, ndimo yalimoandikwa yale maneno juu ya rehema zilizo mpya kila asubuhi na juu ya ukuu wa uaminifu wa Mungu. Tumeyazoea harusini na kwenye sherehe za kustaafu. Yaliandikwa na mtu aliyekuwa akitazama majivu. Kwa hiyo aliyefiwa asidhani kwamba aya hiyo ni ya watu wenye furaha. Ni yake kabla haijawa yetu.

Siku zilezile za kuzingirwa kwa mji, maofisa walimtupa Yeremia katika shimo la Malkiya, lisilo na maji ila matope, naye akazama. Aliyemtoa alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme, mtu wa nchi za kusini mwa Misri kando ya Nile. Alimwendea mfalme hadharani kwenye lango la Benyamini, akapewa watu 30. Kabla ya kwenda shimoni akapita ghalani akachukua matambara na nguo kuukuu, akamshushia nabii kwa kamba na kumwambia ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. Hebu fikiri juu ya mtu huyu. Mji unakufa, yeye mgeni, na katika haraka yote hiyo anawaza ngozi ya kwapa la mfungwa.

Mungu alikuwa amemwahidi Yeremia tangu ujana wake kwamba atakuwa pamoja naye amwokoe. Ahadi hiyo ilipofika shimoni ilifika ikiwa mikononi mwa Mkushi mwenye matambara. Tunapoomba Mungu awe mwaminifu kwa jirani yetu, mara nyingi tayari tumeshika kamba. Ninawashukuru kina mama wanaotoka mapema na chupa ya uji kwenda wodini kwa mgonjwa asiye wa ukoo wao. Ninamshukuru kijana aliyemsindikiza mzee benki kufuatilia mafao yake, akakaa naye kwenye foleni mpaka jioni. Wao ndio jibu la maombi ya watu hao, hata kama hawakupewa kipaza sauti.

Vipi kuhusu shamba? Yeremia hakulima hata jembe moja pale, kwa kadiri Maandiko yanavyotuonyesha. Katika sura ya 16 Mungu alikuwa amemkataza kuoa, kwa hiyo hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Baada ya mji kuanguka, Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi wa Babeli, alimfungua minyororo, akampa chakula na zawadi na kumwachia aende atakako. Alibaki na maskini wa nchi. Lakini kundi la watu waliokuwa wamesalia wakamchukua kwenda Misri kinyume cha neno alilowapa, na huko Tahpanesi ndiko tunakomwona akiendelea kuhubiri. Mtu aliyenunua shamba lake kwa utaratibu wote alimalizia habari zake katika nchi ya ugeni.

Sasa fungua Ezra sura ya 2. Ni orodha ndefu ya majina na hesabu, na wengi wetu hatujawahi kuisoma mpaka mwisho. Koreshi mfalme wa Uajemi aliuteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, na mwaka uliofuata akawaruhusu Wayahudi kurudi. Ezra anaanza kitabu chake kwa kusema kwamba jambo hilo lilitokea ili neno la Bwana kwa kinywa cha Yeremia litimizwe. Kusanyiko lote lilikuwa watu 42,360. Na katika aya ya 23, bila maelezo yoyote, pameandikwa watu wa Anathothi: 128. Nehemia naye anaandika hesabu hiyohiyo, na katika sura yake ya 11 anaitaja Anathothi miongoni mwa vijiji vya Wabenyamini vilivyokaliwa tena. Ilikuwa karibu miaka 50 tangu siku ya mizani na mashahidi. Watu 128 walirudi kukaa katika kijiji kile ambacho mfungwa mmoja alilipa shekeli 17 kuonyesha kwamba watu wangekaa tena.

Naomba mkumbuke pia watu wa Anathothi walikuwa nani. Katika Yeremia sura ya 11 ndio waliomtishia nabii kwamba akiendelea kutabiri kwa jina la Bwana watamwua. Katika sura ya 12 Mungu anamwonya kwamba hata ndugu zake, nyumba ya baba yake, wamemtenda kwa hila. Yeremia alitoa fedha yake kwa ajili ya ardhi ya watu wa namna hiyo, na Mungu alikirudisha kijiji cha watu wa namna hiyo. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba sisi tusipoamini, yeye hukaa wa kuaminiwa. Anathothi ni ushahidi wake. Tungekuwa tunalipwa uaminifu wa Mungu kwa kadiri ya uaminifu wetu, kijiji hicho kingebaki magofu, nasi tungebaki magofu.

Sura moja kabla ya shamba hili, Yeremia alitangaza agano jipya, sheria iliyoandikwa moyoni na dhambi zisizokumbukwa tena. Ahadi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 600. Usiku ule aliotolewa, Bwana Yesu alichukua kikombe na kukiita agano jipya katika damu yake. Kila mara unapopiga magoti kwenye Meza ya Bwana unapokea mkononi kitu ambacho nabii aliahidiwa na hakukiona. Ndiyo sababu mimi huwaambia vijana wa kipaimara kwamba ukitaka kujua kama Mungu hutimiza neno lake, usianze kwa kuangalia akaunti yako ya simu. Anza pale mezani.

Nirudi kwenye hati, kwa kuwa lipo jambo linalonisumbua katika familia zetu za Kikristo. Tumegeuza kumtumaini Mungu kuwa kisingizio cha kutofanya yaliyo wajibu wetu. Baba ana shamba, ana nyumba ya vyumba vinne, ana mke na watoto wa mama wawili. Ukimshauri aandike wosia anakemea, anaona unamwitia mauti. Ukimwuliza hati ya shamba iko wapi anasema Mungu atajua. Anakufa, na kabla ya arobaini mjane amekwisha kutolewa vyombo nje na shemeji anayeimba kwaya. Hilo silo tumaini kwa Mungu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hatimiliki ya kimila, wakala wa serikali uitwao RITA huandaa na kuhifadhi wosia, na kila mtaa una watu wa kushuhudia. Nabii aliyekuwa na neno la Mungu moja kwa moja hakuona haya kutafuta mashahidi na nakala mbili. Baba, kama unaamini kwamba Mungu atawatunza watoto wako baada yako, kuandika ni sehemu ya namna atakavyowatunza.

Basi wiki hii ninawaomba mambo mawili. Mwenye wosia anaouahirisha auandike, na mwenzi wake ajue ulikowekwa. Na kama yuko mtu katika jumuiya yako aliyeacha kuja ibadani kwa sababu mhubiri alimpa tarehe na tarehe ikapita, mwendee kabla ya Jumapili. Usimpelekee tarehe nyingine. Kaa naye, kuleni pamoja, msomee Yeremia 32 yote, na mwache aulize anachotaka kumwuliza Mungu.